Kadi ya chanjo ya homa ya ini B kabla ya atachimenti: usipoteze muda nilioupoteza mimi

Kama barua yako ya atachimenti (mafunzo ya vitendo hospitalini) inataka kadi ya chanjo ya homa ya ini B, anza leo. Sindano ni tatu: ya kwanza, ya pili mwezi mmoja baadaye, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mimi nilianza kuhangaika na hospitali za Nairobi nikiwa nimeshachelewa.

Kwanza pekua nyumbani. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huu mwishoni mwa 2001, katika zile sindano za wiki ya 6, 10 na 14. Ukiwa umezaliwa baada ya hapo, mpigie mama akutafutie kijitabu cha kliniki. Mimi ni wa 1998. Mama alicheka tu.

Kwenye kaunta tamka "homa ya ini B" yote. Mimi nilisema "ile ya ini, macho yanakuwa manjano", nikaelekezwa foleni ya homa ya manjano, nikakaa saa mbili katikati ya wasafiri wenye pasipoti. Ile huletwa na mbu. Hii yetu hupitia damu, ngono, au kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa.

Kabla ya kudungwa, pimwa HBsAg, kipimo cha damu kinachoonyesha kama tayari una virusi hivi. Iandike hivyo hivyo kwenye karatasi, kwa sababu ukiitisha "kipimo cha hepataitisi" unaweza kulipia cha aina nyingine. Ikiwa hasi, endelea na chanjo.

Sasa balaa langu. Siku ya sindano ya pili, chanjo ilikuwa imeisha. Wiki iliyofuata ilikuwepo, lakini sistimu ilikuwa chini na hakuna aliyetaka pesa taslimu. Kisha mitihani. Niliporudi ilikuwa miezi mitatu imepita. Muuguzi akaitazama kadi, akasema, "Hii imeharibika, mdogo wangu. Tunaanza upya." Akanidunga, akaniandikia kadi mpya yenye maneno "dozi ya kwanza", ile ya zamani ikaenda kwenye pipa.

Haianzwi upya. Ukichelewa, unaendelea ulipoachia, hata ikipita miezi. Unachoangalia ni sindano zisikaribiane mno: kati ya ya pili na ya tatu zipite angalau wiki 8, na ya tatu isipungue wiki 16 tangu ya kwanza. Kwa hivyo mwilini nilikuwa na sindano mbili, lakini kwenye karatasi ilikuwa moja tu, na afisa wa atachimenti anasoma karatasi. Nilirudishwa nyumbani. Ilinigharimu siku nne kufukuzia rejista ya zamani, na mbili kati ya hizo zilikuwa za kumngoja mwenye ufunguo wa droo ya muhuri atoke chai.

Basi: piga picha ya kadi kila baada ya sindano, na usiiachie mkononi mwa mtu. Kabla ya kuondoka hakikisha kuna tarehe, nambari ya bechi, sahihi na muhuri. Mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya tatu, itisha kipimo cha anti-HBs, yaani cha kinga iliyojengeka mwilini. Ikifika 10 mIU/mL au zaidi, umekingika.

HBsAg ikitoka chanya, usikimbie. Mwenzangu darasani ilimtokea. Chanjo haingemsaidia tena, ila alipelekwa kupimwa ini na wingi wa virusi, na kipimo kitarudiwa baada ya miezi sita kuona kama ugonjwa umekuwa wa kudumu. Si kila mtu huhitaji dawa. Wanaohitaji wengi hupewa tenofovir. Nyumbani kwao wote wamepimwa, na walio hasi wanachanjwa. Bado wanakula sinia moja, maana haiambukizi hivyo. Wembe na mswaki ndivyo kila mtu ana vyake.

Mimi niliruhusiwa wodini na sindano mbili, baada ya barua ya mhadhiri. Ya tatu ni Novemba. Nimepiga simu kuuliza kama chanjo itakuwepo. Wameniambia nipige Novemba.