Bwawa la mchanga Dodoma: kupima korongo, kuandaa msingi na kumwaga zege

Bwawa la mchanga ni ukuta mfupi wa zege au mawe unaokatiza korongo. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya punje zake mpaka kiangazi. Maji yakishuka zaidi ya sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, jua halichukui kitu cha maana. Kwa mkoa wenye mvua za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, hiyo si faida ndogo.

Anza na kibali. Korongo linalomwaga Mto Kinyasungwe liko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu; la kuelekea Mto Bubu ni Bonde la Kati; la kuelekea Bwawa la Mtera ni Rufiji. Ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, itakuelekeza.

Kupima kunafanywa kwa nondo ya milimita 16 iliyochongwa ncha na kukatwa vipengo kila sentimita 25. Igongee mchangani kila mita 20 kufuata korongo, na kila mita 2 au 3 kulikatiza. Ukiichomoa, kila kipengo kitakuwa kimebeba kilichopo kwenye kina chake: mchanga mnene (wa punje kubwa), tope, au udongo wa mfinyanzi. Unachotafuta ni mahali ambapo mwamba umepanda karibu, huku upande wa juu mchanga ukiwa na kina kirefu. Mikuyu iliyobaki kijani Septemba na vishimo ambavyo watu wanachota mpaka mwezi huo ni dalili nzuri, lakini nondo ndiyo inayoamua.

Mchanga nao upimwe. Jaza ndoo ya lita 20 mchanga mkavu, mimina maji polepole mpaka yatokeze juu, kisha toboa chini na upime yanayotoka. Mchanga mnene hutoa robo ya ujazo wake, hata zaidi kidogo. Tope hutoa kama asilimia 5, kwa hiyo korongo lenye tope liache. Mfano wa hesabu: ukuta wa mita 2 kwenye mteremko wa asilimia 1 unarudisha mchanga nyuma mita 200. Korongo likiwa na upana wa mita 12 na kina cha wastani mita 1, una mita za ujazo 2,400 za mchanga, na maji ya kuchota karibu lita 600,000.

Sasa msingi, ambako kuta nyingi hufia. Graniti ya Dodoma hudanganya, kwani ya juu mara nyingi imeoza. Igonge kwa nyundo nzito: mwamba mzima unalia, uliooza unatoa sauti ya kufa na mtaimbo unazama. Chimba mpaka mtaimbo ugome. Halafu soma nyufa. Ufa unaokatiza korongo hauna madhara sana, isipokuwa ule unaolala kuelekea upande wa chini, kwa sababu ukuta na bamba la mwamba vinaweza kuteleza pamoja. Ufa unaofuata korongo ndio unaopitisha maji chini ya kitako cha ukuta. Usugue kwa brashi ya waya, uoshe, ujaze uji mzito wa saruji, kisha mwaga ndoo ya maji juu yake. Yakipotea ndani ya dakika chache, rudia.

Jambo hili haliwahusu wajenzi wa vijijini peke yao. Bwawa la Malpasset nchini Ufaransa, ukuta wa zege wa mita 66, lilivunjika Desemba 2, 1959 na kuua zaidi ya watu 400. Zege halikuwa na kasoro. Maji yalipenya kwenye nyufa za mwamba wa ukingo wa kushoto, yakausukuma mpaka ukahama.

Fanya hesabu kwa ukuta wa mita 2: upana wa juu sentimita 40, kitako mita 1.5, uso unaotazama upande wa chini wa korongo umelala sentimita 25, mgongo wa upande wa mchanga umelala sentimita 85. Kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, maji na mchanga vinasukuma kwa tani 2.6 hivi. Ukuta una tani 4.4, na mchanga uliolowa unaoukalia mgongo unaongeza 1.7. Maji yaliyopenya chini yanainua tani 1.5. Zinabaki 4.6. Msuguano juu ya mwamba uliokwaruzwa ukiwa 0.7 ya uzito huo, nguvu ya kushikilia ni tani 3.2, yaani mara 1.2 ya msukumo. Inatakiwa angalau 1.5, na hapo mafuriko yanayopita juu ya ukuta hayajahesabiwa. Kwa hiyo uzito peke yake hautoshi: toboa mwamba sentimita 40, simika nondo za milimita 16 kila mita kwa mistari miwili inayopishana, na ujaze saruji kwenye matundu. Juu ya mfinyanzi, msuguano wa 0.4 unakupa tani 1.8 tu, na ukuta utateleza. Usijenge kabisa juu ya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Mabawa, yaani ncha mbili za ukuta, yaingie ukingoni nusu mita kwenye mwamba, mita 2 kwenye udongo ulioshikana, mita 5 kwenye udongo mlegevu. Maji yakipata njia pembeni, korongo litahama na ukuta utabaki umesimama mchangani bila kazi.

Zege ni 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mifuko 6 hadi 7 ya saruji ya kilo 50 kwa mita ya ujazo, na maji lita 25 kwa mfuko. Fundi atataka kuongeza maji ili zege litiririke, kataa. Mawe makubwa yaliyooshwa yanaruhusiwa hadi asilimia 30, kila moja lizungukwe na zege pande zote. Mwaga asubuhi, funika kwa magunia, mwagilia siku 14. Upepo wa Agosti hukausha zege kabla halijashika. Kazi ya kila mwaka iishe kabla ya mwisho wa Novemba.

Utoro wa maji, yaani sehemu ya ukuta ambayo mafuriko yanapita juu yake, usiupandishe mara moja. Msimu wa kwanza uwe sentimita 50 juu ya mchanga, ukijaa ongeza 50 nyingine msimu unaofuata. Ukuta mrefu tangu mwanzo hutuliza maji, na maji yaliyotulia huacha tope. Wafadhili hawaipendi hatua hii kwa sababu mradi haufungwi ndani ya mwaka mmoja wa fedha, lakini bwawa lililojaa tope halitoi maji.

Chini ya utoro panga mawe makubwa kwenye mota ya 1:3 (saruji na mchanga) kwa mita 3, vichwa vikitokeza ili kuvunja kasi ya maji. Bila hayo, maporomoko yatachimba mbele ya kitako.

Baada ya mafuriko ya kwanza, kagua upande wa chini. Uvujaji wa maji safi unaweza kusubiri. Yakitoka na udongo, yanaula msingi: weka alama mahali hapo, na kiangazi uchimbe upande wa juu hadi mwambani na kuziba.