Kuchagua Gari na Pikipiki za Doria: Anza na Saa za Zamu, Kasi Baadaye

Kamati nyingi za ununuzi hufungua kikao kwa kuuliza gari linakimbia kiasi gani. Swali hilo lingepaswa kuwa la mwisho. Gari la doria hufukuza mtu mara moja moja tu. Muda mwingi limesimama kando ya barabara, injini inanguruma, taa zinazunguka, redio inaita na askari anaandika maelezo. Kinacholichakaza ni saa hizo, pamoja na uzito linaobeba mchana na usiku.

Kwa hiyo, kabla ya kuita muuzaji yeyote, kusanya kumbukumbu za zamu za miezi mitatu. Andika kilomita kwa zamu, saa ambazo injini iliwaka, saa ambazo iliwaka gari likiwa limesimama, idadi ya watu waliopanda, na barabara ni ya lami au ya vumbi. Ford huhesabu saa moja ya injini kunguruma bila gari kwenda kuwa sawa na maili 33 za mwendo, yaani kama kilomita 53. Gari likitembea km 120 katika zamu ya saa 8, kisha likasimama likiwaka saa 5, injini yake imechakaa kama iliyokwenda km 385. Anayepanga servisi kwa kutazama mita ya kilomita peke yake anaichelewesha mara tatu zaidi, na oili inageuka tope kabla fundi hajaiona. Dai mita ya saa za injini kwenye kila gari. Haibridi, gari lenye injini pamoja na mota ya umeme, nayo hulipa hapa kuliko mahali pengine: betri kubwa inabeba taa na redio, injini inazima na kuwaka yenyewe inapohitajika.

Sasa uzito. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari, toa uzito wake likiwa tupu, halafu jaza hesabu hii:

Askari wawili wenye fulana za kuzuia risasi na vifaa, kilo 220. Watuhumiwa wawili, 160. Wavu wa chuma nyuma ya viti vya mbele, 35. Taa za paa, king'ora, redio na kompyuta, 45. Boksi la silaha na silaha zake, 40. Bampa ya kusukumia, 25. Koni, kizimamoto, sanduku la huduma ya kwanza na maji, 40.

Jumla ni kilo 565. Gari dogo linaloruhusiwa kubeba kilo 450 limezidishiwa kilo 115 kabla hata halijatoka getini. Dalili zake utaziona mapema: nyuma linalala, taa za mbele zinamulika angani, tairi za nyuma zinapata joto na kupasuka, breki zinachelewa kushika. Fundi atabadilisha shokapu kila mara na hatapata dawa, kwa sababu kosa lilifanyika kwenye karatasi ya ununuzi. Pima vifaa vyako mwenyewe kwenye mizani, maana namba tulizoweka hapa ni za kupangia tu.

Umeme ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi. King'ora cha wati 100 kinakula ampea 8 hivi kwenye volti 12, kompyuta karibu hizo hizo, na redio inapotuma ampea 10 au zaidi. Ongeza taa za paa, taa za mbele na feni ya kiyoyozi, unakaribia ampea 70. Altaneta, yaani jenereta ya gari inayozungushwa na injini, yenye lebo ya ampea 150 haitoi 150 gari likiwa limesimama. Namba ya lebo hupimwa ikizunguka kwa kasi. Muulize muuzaji kwa maandishi: inatoa ampea ngapi injini ikinguruma gari likiwa limesimama, na ikiwa imeshapata moto? Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya polisi huja na altaneta za ampea 200 hadi 250 kwa sababu hiyo. Ukiona betri zinakufa kila baada ya miezi michache, usilaumu betri.

Soma pia jina la modeli kwa makini. Chevrolet Tahoe imeuzwa kwa polisi kwa namna mbili: PPV, iliyoandaliwa kwa kufukuza, na SSV, ambayo haikukusudiwa kazi hiyo. Kwa macho zinafanana. Polisi wa jimbo la Michigan nchini Marekani hupima kila mwaka magari na pikipiki za polisi kwa kuongeza mwendo, kasi ya juu, breki na uwanja wa kona, na matokeo yao yako wazi kwa kila mtu. Yatumie kuchuja orodha, kisha fanya majaribio yako.

Jaribio la breki tunalolisisitiza ni hili. Pakia mifuko ya mchanga mpaka ufikie kilo ulizohesabu. Kwenye uwanja uliofungwa, simamisha gari kutoka km 100 kwa saa mara kumi mfululizo bila kulipumzisha, na pima umbali kila mara. Mara ya kwanza karibu kila gari hufaulu. Tazama ya kumi: ikizidi ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 10, au pedali ikaanza kuzama na kuwa laini, diski ni ndogo au mafuta ya breki yanachemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yachemke kuanzia nyuzi 205 na ya DOT 4 kuanzia 230, kwa hiyo wakati mwingine tiba ni kubadilisha mafuta tu. Diski ndogo haina tiba rahisi. Liache gari hilo.

Kisha waite askari, mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote, wakiwa na mkanda kamili: bastola, pingu, redio. Washuke na kupanda mara 20. Tazama mkono unaotafuta kifungio cha mkanda wa usalama. Pingu na ala ya bastola zikikifunika, askari atapapasa, atachoka, na baada ya wiki ataacha kufunga mkanda. Kiti chenye mbavu zilizopunguzwa, au kifungio kirefu zaidi, kinaokoa maisha kuliko farasi 50 za ziada kwenye injini.

Pikipiki ina mizani yake. Kubwa ya barabarani, kama BMW R 1250 RT-P, inafaa misafara na barabara kuu. Kwenye vichochoro na njia za mchanga, ya cc 250 yenye springi ndefu inafika pale kubwa inapokwama. Kwa zote mbili, mwendo wa polepole ndio unaosema ukweli. Panga koni, mwambie askari ageuze kabisa ndani ya upana wa mita 7 bila kukanyaga chini, klachi ikiwa nusu na mguu ukigusa breki ya nyuma. Kisha iwashe isimame nusu saa juani, taa zote zikiwaka. Injini inayopozwa kwa hewa huteseka hapa, na paja la askari pia. Ilaze chini, umwone askari mmoja akiinyanyua peke yake. Gadi za pembeni zikiwa dhaifu, kifuniko cha injini kitapasuka siku ya kwanza. Hakikisha kuna betri ya pili ya king'ora na redio, ili pikipiki isigome kuwaka katikati ya msafara. Mnyororo ni rahisi kununua lakini unataka mafuta na kukazwa kila mara. Shafti, fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya mnyororo, ni nzito na ghali, ila inasahaulika kwa muda mrefu.

Ufungaji wa vifaa huharibu gari zuri. Mwaka 2017 mji wa Austin, Texas, uliondoa barabarani karibu Ford Explorer 400 za polisi kwa hofu ya hewa ya kaboni monoksidi kuingia ndani. Ford ilipochunguza ilikuta, kwenye baadhi ya magari, matundu yaliyotobolewa nyuma kwa ajili ya taa na redio bila kuzibwa. Andika kwenye mkataba: kila tundu linapigwa picha na kuzibwa, kila waya una fyuzi yake karibu na betri, na hakuna kifaa kinachokaa mbele ya mfuko wa hewa wa ajali.

Agiza gari moja na pikipiki moja kwanza, zikiwa zimefungwa vifaa vyote. Zifanyishe kazi siku 90 kwenye zamu zote, na pikipiki ipitie mikono ya askari wasiopungua watano. Fundi wa gereji aandike kila spea aliyobadilisha na siku alizoisubiri. Gari likilala gereji wiki tatu kwa sababu ya sensa moja, hiyo siyo bahati mbaya, ndivyo kundi zima litakavyolala. Saini oda iliyobaki baada ya kusoma daftari hilo.