Kadi ya harusi kwa herufi za risasi: kutoka droo ya herufi hadi bahasha

Kadi ninayoieleza hapa ni ya nikaha na walima, inchi 5 kwa 7, rangi mbili: pambo la kuchonga juu, maneno ya herufi za risasi chini. Mashine ni ile ndogo ya mezani ya kubonyeza kwa mkono, aina ya Adana 8x5 ya Uingereza. Ukiwa na nyingine ya kiasi hicho, kazi ni ile ile. Haitaki umeme, na kwetu Unguja hilo si jambo dogo. Inachotaka ni uamue mengi kabla hujafungua kopo la wino. Wanaokuja kujifunza hukimbilia kushika mpini, na mpini ndio sehemu rahisi.

Hatua ya 1: Yapokee maneno, kisha yapunguze

Mteja atakuletea maneno kwenye simu, mengi, yamenakiliwa kutoka kadi ya harusi ya jirani. Kumbuka kila herufi utaiokota na kuisimamisha kwa mkono wako. Mimi nabakisha mambo matano tu: nani anaalika, nani wanaoana, siku gani, saa ngapi, wapi. Mashairi na dua ndefu, kwa heshima zote, yasomwe ukumbini.

Maswali ya kuuliza mapema ni haya. Wazazi wote wapo? Maana neno "Marehemu" likikumbukwa baada ya fremu inayozishika herufi kufungwa, mstari mzima unavunjwa. Tarehe ya Hijria wanaitaka? Wakiitaka iwe ndogo, chini ya ile ya miladia, kwa kuwa mwezi ukiandama siku tofauti na iliyotarajiwa, tarehe hiyo inasogea na kadi zimeshatoka. Saa nayo iandikwe pamoja na sala: "saa 10 alasiri, baada ya sala". Familia za hapa zina jamaa Muscat na London, na mtu wa huko akisoma "saa 10" peke yake anaweza kufika watu wameshalala.

Kuhusu Bismillahi, kila nyumba ina rai yake. Kadi nyingi mwisho wake ni jaa, na wazee wengi hawapendi jina la Mwenyezi Mungu lifike huko. Mimi nashauri kuanza na "Assalaam alaykum" kwa herufi za Kilatini. Anayesisitiza namfanyia kwa Kiarabu, lakini nalichonga, sipangi herufi. Zanzibar ilikuwa na mitambo ya chapa tangu karne ya 19: wamishionari wa Kiingereza wakichapa Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akawa na matbaa yake ya Kiarabu iliyochapa vitabu vya dini vya Kiibadhi. Ukijua kwamba herufi moja ya Kiarabu inaweza kuwa na maumbo manne kwa kutegemea imekaa wapi kwenye neno, utawaonea huruma wale wapangaji. Fundi wa mashine ndogo hawezi kuwa na droo zote hizo.

Hatua ya 2: Zihesabu herufi zako

Hapa ndipo Kiswahili kinapomtesa mpiga chapa. Seti za herufi za risasi zinazouzwa zimegawanywa kwa kufuata Kiingereza: "e" na "t" zimejaa tele, "k" chache, "w" chache, na "a" si nyingi kama tunavyozihitaji sisi. Chukua mstari huu tu:

*Tunakukaribisha katika walima*

Una herufi 27. "A" ziko saba, "k" ziko nne, na "e" haipo hata moja. Sasa kadi nzima yenye mistari kumi na mbili itakunywa "a" zote za droo kabla hujafika kwenye jina la ukumbi, huku "e", "x" na "q" zikikutazama.

Kwa hiyo andika maneno yote kwenye karatasi, pita herufi moja moja, hesabu "a", "k", "i", "u", "n" na "w", kisha nenda kwenye droo ukalinganishe. Zikipungua una njia tatu. Ya kwanza ni kubadili maneno: "Tunakukaribisha katika" ikawa "Karibu", na kusema kweli mara nyingi kadi hutoka nzuri zaidi. Ya pili ni kutumia saizi au aina nyingine ya herufi kwa majina ya maharusi, ili mzigo ugawanyike. Ya tatu ni kuchapa kadi kwa awamu, nusu ya maneno leo na nusu kesho baada ya kuzirudisha herufi, lakini hiyo ni kujitafutia kazi ya kulinganisha mistari.

Herufi hupangwa kwenye kibati chake kutoka kushoto kwenda kulia, zikiwa zimesimama kichwa chini. Kila herufi ina mfuo mdogo ubavuni. Mifuo yote ielekee juu, upande wa wazi wa kibati. Usiidharau mifuo hiyo. "N" iliyogeuzwa inafanana sana na "u", na "tunakukaribisha" ina zote mbili tena zimekaribiana. Jicho litadanganyika, kidole kikipita juu ya mifuo hakidanganyiki.

Herufi hizi ni risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Usile ukiwa unapanga, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na watoto wasichezee droo.

Hatua ya 3: Pambo

Mpangilio wangu nauchukua kwenye kanga: pindo jembamba kuzunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Kwenye mji nachonga kikuba, kile kishada cha asumini, rehani na langilangi, kwa sababu ndicho kitu ambacho kila aliyewahi kwenda harusini hapa anakijua kwa pua. Milango ya Mji Mkongwe pia ina mengi ya kuazima, minyororo, mayungiyungi na samaki, ila mafundi wa mapambo ya watalii wameishaichosha.

Chonga kwenye linoliamu halisi, ile ya mafuta ya kitani na unga wa mbao yenye mgongo wa nguo ya juti. Zulia la plastiki linalouzwa madukani kwa ajili ya sakafu halichongeki, linachanika. Maelekezo ya watu wa nchi za baridi yatakwambia uipashe moto kwanza ilainike. Kwa joto letu hapana haja. Mchana wa kaskazi utaiona laini kupita kiasi, na ni bora kuchonga asubuhi.

Chora kwa penseli laini kwenye karatasi ya kuonyesha nyuma, igeuze kifudifudi juu ya lino, sugua kwa mgongo wa kijiko. Mchoro umejigeuza wenyewe, na ukichapa utarudi sawa. Hili ni muhimu zaidi kwa maandishi ya Kiarabu: ukisahau kugeuza, umechonga kitu kisichosomeka.

Asumini ni nyeupe, na wino mweupe sitaki kuusikia. Basi ondoa ua, bakisha kilicho nyuma yake. Kila petali ni mkato mmoja: ingiza ncha ya kichongeo pale penye kitovu cha ua, sukuma kwa wepesi kuelekea nje huku ukiinua mkono, na ufinyo ujimalize wenyewe. Mikato mitano hivyo, ua limekaa. Langilangi kinyume chake. Petali zake ni ndefu, zimejipinda na zinaning'inia, kwa hiyo hizo ziache zisimame kama mistari na uondoe pembeni. Unapofinya mstari kuwa mwembamba, kata kingo zake zikae mteremko, chini pana juu nyembamba. Mstari uliokatwa wima kama ukuta huvunjika mashine ikianza kubonyeza.

Eneo linaloshika wino lisizidi kiganja. Mashine ya kiasi hiki haina nguvu ya kubonyeza bonge kubwa la rangi, na utaona madoa meupe katikati hata ukining'inia kwenye mpini.

Kisha urefu. Herufi za Kiingereza zina urefu wa milimita 23.3 kutoka mguuni hadi usoni. Lino yenye unene wa milimita 3.2 inahitaji ubao wa milimita 20.1 chini yake. Mpe seremala kipande cha msaji uliokauka vizuri, apige randa pande zote mbili, umwambie na kipimo, maana "kama inchi hivi" haitoshi. Kikipungua kidogo, gundisha karatasi chini ya ubao; karatasi ya kawaida ya fotokopi ina takriban milimita 0.1. Kikizidi, rudi kwa seremala.

Hatua ya 4: Karatasi

Manila ya dukani inachapika, lakini ni ngumu na herufi haziachi alama ya kuzama ambayo ndiyo watu wanalipia. Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba inatosha; ya gramu 600 ni ya fahari na mashine ndogo inalalamika. Hizo huagizwa, kwa hiyo agiza na ziada.

Unyevu wa pwani ndio adui. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka, zaidi kwa kukata nyuzi zake kuliko kwa kuzifuata. Rangi ya kwanza ukiichapa siku kavu na ya pili ikakukuta na mvua ya masika, maneno hayatakutana na pambo. Dawa yake ni kukata karatasi zote kwa mwelekeo mmoja wa nyuzi, na kuzifunga kwenye nailoni kila zinapokuwa haziko mkononi, hata kwa usiku mmoja.

Hatua ya 5: Funga fremu

Weka fremu juu ya kioo kinene. Herufi katikati, vipande vya mbao vya kujazia pembeni, kabari za chuma pande mbili. Kaza kidogo, gonga uso wa herufi kwa kibao na nyundo ya mbao ili zote zikae chini, kisha kaza tena. Inua pembe moja ya fremu, bonyeza herufi kwa kidole. Inayocheza itaanguka, na itaangukia ndani ya mashine. Jaza nafasi, usikaze zaidi. Fremu iliyokazwa kupita kiasi hubinuka.

Pambo na maneno ni fremu mbili tofauti hata kama mteja angekubali rangi moja. Lino inataka wino mwingi, herufi ndogo zinataka kidogo, na ukizichapa pamoja moja itaumia.

Hatua ya 6: Wino

Chukua wino wa mafuta kiasi cha punje ya harage. Usambaze kwenye sahani ya mashine, zungusha rola mpaka usikie sauti nyembamba, kama mchanga mkavu ukimwagwa. Ukisikia mlio wa kubanduka na kunata, wino umezidi: uondoe kwa karatasi, usitumaini utaisha wenyewe.

Wateja watataka dhahabu. Waambie ukweli: wino wa dhahabu kwenye karatasi laini ya pamba huzama na kufifia, unatoka kama haradali. Dhahabu inayong'aa hupigwa kwa karatasi ya dhahabu na mashine ya moto, na hiyo ni kazi ya mtu mwingine. Mimi huwapa rangi ya nili au nyekundu ya damu ya mzee kwa pambo, na maneno meusi. Nyeusi ya risasi iliyozama kwenye karatasi nyeupe haihitaji msaada.

Hatua ya 7: Piga

Anza na pambo. Chapa moja kwenye karatasi ya takataka, itazame kwa mwanga wa pembeni. Palipofifia, kata kiraka cha karatasi nyembamba chenye umbo la pale pale, kibandike nyuma ya karatasi za kuegemea, zile zinazokaa nyuma ya kadi mashine inapobonyeza, piga tena. Kazi hii ya viraka hula muda kuliko kuchapa kadi zote, na huwezi kuiruka.

Pambo likikaa, weka vibanio vya kushika karatasi mahali pamoja na usiviguse tena. Kabla ya kuchapa maneno, mpelekee mama wa bi harusi chapa ya majaribio kwenye karatasi, si picha ya simu, na mwombe asome kwa sauti. Anayesoma kimya husoma anachokijua tayari. Akitia saini, ndipo unaendelea.

Zima feni. Lisha karatasi kwa mkono wa kulia, toa kwa wa kushoto, na kila baada ya kadi chache simama uangalie "o" na "a". Tundu zake zikianza kujaa, safisha.

Hatua ya 8: Kausha, kata, na usivunje fremu haraka

Zitandaze kadi bila kupandana. Kiangazi siku moja inatosha kwa kawaida. Masika mpe siku mbili au tatu, na ukijaribu kwa kidole jaribu kwenye kadi uliyoiharibu. Safisha rola kwa mafuta ya kupikia kwanza, kisha mafuta ya taa kidogo. Vitambaa vyenye mafuta visirundikwe pembeni ya chumba, vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Vipande vinavyobaki baada ya kukata usivitupe. Vina upana wa kutosha kwa vitambulisho vya vifuko vya halua na udi: chapa ua moja la asumini, toboa tundu, pitisha uzi wa kushonea kofia. Wateja wengi hulipia hivyo bila kuuliza bei mara mbili.

Herufi zako utazitamani zirudi kwenye droo siku ile ile, hasa zile "a". Ngoja. Iache fremu ilivyo, na karatasi kama ishirini zilizokwisha kuchapwa pambo ziwe kwenye nailoni, mpaka kadi zote ziwe zimegawiwa. Maana kabla ya wiki kwisha simu italia, na upande wa bwana harusi watakuwa wamemkumbuka shangazi wa Wete na watoto wake wote.