Neno refu la Kidenishi? Tafuta viungo kwanza

Wale mnaojifunza Kidenishi, msiogope yale maneno marefu kama treni, mengi hayamo hata kwenye kamusi, mtu anayaunga tu papo hapo. Mfano nimejitungia langu, regnvejrskattepude, yaani mto wa kulalia paka siku ya mvua. Sasa sisi tumezoea kila silabi iishie na vokali, ndo tunapochemsha, unakuta mtu anasoma re-gnve-jrska huku ulimi umejifunga fundo.

Anza na maneno madogo yaliyomo ndani: regnvejr ni hali ya mvua, katte ni paka, pude ni mto. Ile s ya katikati ni gundi tu, inabaki na neno la mbele yake, yaani regnvejrs. Ukishapata hayo ndo ukate silabi, regn-vejrs-kat-te-pu-de, sita tu. Konsonanti pacha zinagawana, kat-te, ikiwa moja inaenda na vokali inayofuata, pu-de.

Na hiyo s usiichezee, maana skat ni kodi, ukiandika regnvejrsskat yenye s mbili paka kashaondoka, umeleta kodi ya mvua 😂