Namna ya kuchagua kati ya expedient, pragmatic na opportunistic unapoandika Kiingereza

Mwandishi anayeeleza kwa Kiingereza kwamba chama fulani kimeungana na mahasimu wake wa jana hulazimika kuamua kama atauita muungano huo expedient, pragmatic, opportunistic, politic au prudent. Akifungua kamusi atakuta maelezo yanayokaribiana mno, yote yakihusu jambo linalofaa au lenye manufaa, na ni rahisi kuchukua neno la kwanza linalomjia. Huo ni uzembe wenye madhara, kwa sababu kila moja ya maneno haya lina hukumu ndani yake, na anayelichagua ovyo huwa amemtia mtu hatiani, au amemsafisha, kabla hajaleta ushahidi wowote.

Kabla ya kugusa Kiingereza, andika kwa Kiswahili sentensi mbili fupi: ya kwanza iseme mtendaji alipata nini, na ya pili iseme aliweka nini kando ili akipate. Sentensi ya pili ndiyo itakayokuongoza. Ikikosa la kusema, yaani kama hakuna kanuni, ahadi wala haki iliyowekwa kando, basi neno expedient kwa matumizi yake ya leo halikufai.

Neno hilo limetokana na Kilatini, kwa maana ya kuifungua miguu iliyonaswa, na ndugu yake ni impede, yaani kuzuia. Hapo zamani halikuwa na lawama. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Yesu anawaambia wanafunzi wake katika Yohana 16:7 kwamba kuondoka kwake ni expedient kwao, na Biblia ya Kiswahili inasema "yawafaa". Lakini Injili hiyohiyo, katika 11:50, inaliweka neno lilelile kinywani mwa kuhani mkuu Kayafa anaposema kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu. Katika kauli ya kwanza wanaofaidika ni wale wanaoambiwa. Katika ya pili uhai wa mtu unapimwa dhidi ya usalama wa taifa, na haki ya mtu huyo haiulizwi. Kiingereza cha leo kimeegemea upande wa Kayafa. Ukiandika kwamba uamuzi ulikuwa politically expedient, msomaji ataelewa kwamba ulimfaa mwamuzi kwa wakati ule na kwamba lililo sawa liliachwa.

Sheria ndizo zimehifadhi maana ya zamani. Katika sheria za Kenya na Tanzania zilizoandikwa kwa Kiingereza, maneno "necessary or expedient" hujitokeza mara kwa mara, hasa pale waziri anapopewa mamlaka ya kutunga kanuni, na hapo hakuna anayelaumiwa. Tangu Tanzania ilipofanya marekebisho mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, wafasiri wanakutana na maneno hayo kila wakati, nami nawasihi wasiyaunganishe kuwa neno moja. Jambo lililo necessary ni la lazima, halina njia mbadala; jambo lililo expedient linafaa kwa lengo lililokusudiwa, ingawa njia nyingine zingeweza kuwepo. Mfasiri anayeandika "pale inapolazimu" pekee huwa amepunguza mamlaka ambayo Bunge lilitoa, ilhali "pale inapolazimu au inapofaa" huyabakiza yalivyo. Wala expedient lisichanganywe na expeditious, ambalo ni la haraka tu na halina habari ya maslahi.

Pragmatic lina asili ya Kigiriki, katika neno lenye maana ya tendo au shughuli, na wanafalsafa wa Marekani, hasa Charles Sanders Peirce na William James, walilipa uzito walipofundisha kwamba wazo lipimwe kwa matokeo yake katika maisha. Siku hizi kwa kawaida ni sifa. Mtu wa namna hii ana lengo analoliheshimu, ila hang'ang'anii njia moja ya kulifikia. Kwa hiyo angalia kilichobadilika: kama ni njia tu, pragmatic ni neno la haki, kama lengo lenyewe ndilo lililogeuka kufuata upepo wa maslahi, neno hilo linakuwa chokaa ya kufunikia nyufa. Wasemaji wa vyama wanalipenda kwa sababu hiyohiyo, na mwandishi anayelinakili kutoka katika taarifa yao bila kulihoji anakuwa amewasaidia kazi.

Opportunistic ndilo linalotumika vibaya kuliko yote. Mzizi wake wa Kilatini ulihusu upepo unaovuma kuelekea bandarini, na hakuna nahodha wa jahazi anayelaumiwa kwa kuungoja upepo wa kufaa; opportune bado lina heshima hiyo ya wakati mwafaka. Lawama iliingia baadaye, na siasa za Ufaransa zilichangia, pale wafuasi wa Léon Gambetta walipoitwa Opportunistes kwa kuchelewesha mageuzi wakingoja wakati unaofaa. Madaktari nao walilichukua kwa maradhi yanayomshambulia mtu mwenye kinga dhaifu, na Kiswahili kikayaita magonjwa nyemelezi. Jina hilo linatupatia kipimo kizuri kuliko maelezo marefu ya kamusi, kwa sababu anayenyemelea huangalia udhaifu wa mwenzake. Mfanyabiashara anayepandisha bei ya maji ya chupa mara kipindupindu kinapotangazwa anastahili kuitwa opportunistic. Anayeleta miavuli sokoni masika yanapoanza, akaiuza kwa bei yake ya kawaida, hastahili. Huyo ni enterprising, mtu mwenye jitihada na macho ya biashara.

Ili kuona tofauti hizi zikifanya kazi, tuchukue mfano wa Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa. Alikuwa Mprotestanti, na mwaka 1572, siku chache baada ya harusi yake mjini Paris, Waprotestanti waliuawa kwa halaiki, naye akalazimishwa kuukubali Ukatoliki. Mwaka 1576 alitoroka na kurudi kwenye imani yake. Alirithi taji mwaka 1589, lakini Paris, iliyokuwa mikononi mwa Wakatoliki wenye msimamo mkali, ilimkataa. Aliuzingira mji huo mwaka uliofuata bila kuutwaa. Julai 1593, huko Saint-Denis, aliuacha tena Uprotestanti, na Machi 1594 akaingia Paris akiwa mfalme.

Tukio la 1572 halistahili neno lolote kati ya haya, kwa kuwa yote hudai kwamba mtu alikuwa na hiari, na aliyeshikiwa upanga hana hiari. Lile la 1593 ndilo la kupimwa. Anayeamini kwamba dhamiri ya dini haipaswi kuuzwa kwa taji ataandika expedient, na atapaswa kuieleza imani iliyowekwa kando. Anayeona kwamba lengo lilikuwa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe ataandika pragmatic, na ushahidi wake mkubwa utakuwa Amri ya Nantes ya mwaka 1598, ambayo mfalme huyo aliwapa Waprotestanti haki ya kuabudu katika sehemu zilizotajwa. Anayetaka kusema tu kwamba aliwasoma vizuri watu wa Paris ataandika politic. Opportunistic ni gumu kulitetea, maana Henri hakunyemelea. Alipigana waziwazi kwa miaka minne kwanza. Mimi ningeandika pragmatic, kwa sababu ya Nantes, lakini ningemweleza msomaji wangu sababu hiyo katika sentensi ileile.

Maneno yaliyobaki hayana utata mwingi. Politic ni busara ya kujua lipi lisemwe na lipi linyamaziwe, na lisichanganywe na political. Prudent ni tahadhari ya mtu anayeona mbele, kama anayeweka akiba kabla ya ukame. Shrewd liliwahi kumaanisha uovu, lakini sasa humsifu mwenye akili ya kung'amua mambo, hali calculating, likitumiwa kumwelezea mtu, humlaumu kwa kupiga hesabu ya faida hata katika urafiki. Self-interested ni la kawaida katika uchumi na halina tusi. Selfish ni uchoyo. Kuwa mwangalifu na disinterested: kwa wahariri makini maana yake ni mtu asiye na maslahi binafsi katika jambo, kama hakimu anavyotakiwa kuwa, na asiyejali huitwa uninterested.

Mwisho, tazama neno linaelezea tendo au mtu. Expedient hueleza tendo, wala huwezi kuandika "an expedient man". Likiwa nomino, "an expedient" ni njia ya muda ya kujikwamua. Opportunist ni mtu, na hueleza tabia yake yote. Kama unachojua ni tukio moja tu, iache hukumu juu ya tendo na uandike "the alliance was expedient". Ukitaka kuwaita viongozi wake opportunists, uwe na matukio kadhaa ya kuonyesha, na uyaweke katika aya ileile.