Kuanika dagaa wa Ziwa Victoria juu ya chanja, kuanzia mtumbwini hadi kwenye kiroba

Dagaa aliyeanikwa mchangani huishia kwenye chakula cha kuku hata kama alitoka ziwani akiwa safi na anang'aa. Akiwa mbichi ana ute, mchanga hunata kwenye ute huo na kuingia kwenye matamvua. Akishakauka, mchanga huo hautoki kwa kupepeta wala kwa kuosha. Mnunuzi wa soko la Kirumba Mwaloni pale Mwanza, anayekusanya mzigo wa kwenda Kongo, huchota kiganja kimoja, akakisugua, akatazama kilichobaki mkononi. Bei imeshaamuliwa hapo.

Chanja, yaani kitanda cha miti na wavu kilichoinuliwa kutoka ardhini, inaondoa mchanga. Haiondoi uchelewaji, na uchelewaji unaharibu dagaa wengi kuliko watu wanavyokubali. Dagaa aliyefika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, alfajiri anatakiwa awe juu ya chanja kabla ya saa 3 asubuhi. Akianikwa saa 5 baada ya kulundikwa kwenye ndoo juani, tumbo linapasuka, nyama inalegea, na wakati wa kumgeuza anakatika vipande.

Kujenga chanja

Chagua mahali pa wazi panapopata upepo wa ziwani mchana, mbali na vyoo, mbali na miti. Mti unaleta kivuli na ndege. Chanja ya kuanzia iwe na urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.2. Upana ukizidi hapo, mtu aliyesimama pembeni hafiki katikati bila kuegemea wavu, na wavu ukiegemewa kila siku unalegea. Kimo kiwe mita 1 kutoka ardhini: kuku na mbwa hawafiki kirahisi, matone ya mvua hayarushi tope juu, na hewa inapita chini ya dagaa. Hewa hiyo ya chini ndiyo inayofanya dagaa wa kwenye chanja wakauke pande zote mbili.

Unahitaji nguzo 12 za mita 1.5, yaani jozi moja kila baada ya mita 2, na kila nguzo izikwe sentimita 50. Juu yake pita miti miwili mirefu ya pembeni, kisha fito za kukatiza kila baada ya sentimita 50. Watu wengi hubana matumizi hapa, wakaweka fito kila mita moja. Matokeo yake wavu unabonyea, dagaa wanateleza na kukusanyika kwenye bonde, na wale wa bondeni wanabaki wabichi wakati wa pembeni wameshakauka. Juu ya fito tandika waya wa kuku uliovutwa ukakaza, kisha juu ya waya tandika wavu wa dagaa uliochakaa lakini umefuliwa.

Usitumie chandarua cha mbu. Vyandarua vingi vimewekwa dawa ya kuua wadudu, na dagaa mbichi mwenye mafuta amelala juu yake siku nzima. Vilevile oili chafu ya kuzuia mchwa isipakwe kwenye miti ya chanja. Choma kidogo ncha ya nguzo itakayozikwa mpaka iwe nyeusi, itasaidia, na nguzo inayooza ibadilishwe mapema.

Kazi ya ujenzi na ukarabati ifanywe siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti vizuri, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika. Giza likirudi mzigo unakuja kila asubuhi na hakuna mwenye muda wa kukaza waya.

Kununua na kusafisha

Angalia dagaa walivyobebwa. Waliokaa chini ya mtumbwi wakakanyagwa, wakalowa maji yaliyochanganyika na petroli ya injini, hawatasafishika. Zungumza na wavuvi mapema ili wapange dagaa kwenye kreti au juu ya mbao zilizoinuliwa kutoka chini ya mtumbwi. Bonyeza tumbo la wachache: liwe gumu. Macho yawe maangavu, rangi iwe ya fedha.

Ndoo ya lita 20 ikijaa hubeba takriban kilo 17 za dagaa wabichi. Mita moja ya mraba ya chanja inabeba kilo 3 kwa tabaka moja. Chanja ya mita 10 kwa 1.2 ina mita 12 za mraba, basi inachukua kilo 36, yaani ndoo mbili. Ukinunua ndoo nne kwa sababu leo bei iko chini, mbili kati ya hizo zitaoza au zitarudi mchangani.

Chambua kabla ya kuosha. Toa nyasi, konokono na hasa furu wadogo, samaki wengine wa ziwani wanaovuliwa pamoja na dagaa. Furu ana mwili mnene, hakauki sawa na dagaa, na mmoja aliyebaki mbichi ndani anaweza kuanzisha ukungu unaosambaa kwenye kiroba. Osha kwa maji safi ya bomba au kisima. Maji ya ukingoni mwa mwalo, ambako watu wanaoga na ng'ombe wanakunywa, yanaongeza uchafu. Badilisha maji kila baada ya ndoo mbili.

Chumvi ni hiari, lakini inafukuza nzi na kuvuta maji nje ya nyama. Kiangazi inatosha kilo 1 ya chumvi kwa lita 20 za maji. Siku za mawingu weka kilo 2. Tumbukiza dagaa kwa dakika 10, watoe, wachuje kwenye tenga dakika 15 mpaka maji yaache kudondoka. Dagaa wa chumvi watengwe na viroba vyake viwekwe alama, kwa sababu mbili. Kwanza, chumvi huvuta unyevu wa hewani, hivyo ghala lenye unyevu litawarudisha kuwa laini. Pili, wasiuzwe kwa watengenezaji wa chakula cha kuku: chumvi nyingi inaua vifaranga.

Siku ya kuanika

Mwaga dagaa kidogo kidogo, watawanye kwa mikono mpaka uone wavu katikati yao. Tabaka moja tu. Wakipandana, walio chini wanapikika kwa joto na kuvunda huku wa juu wakionekana wamekauka.

Usiwaguse mapema. Dagaa mbichi akigeuzwa nusu saa baada ya kuanikwa ananyofoka ngozi, na ngozi inabaki kwenye wavu. Subiri mpaka mgongo ukauke na usinate kidoleni, ambayo kwenye jua la kawaida ni kama saa 4 asubuhi ikiwa ulianika saa 2. Hapo inua wavu kutoka chini kwa kiganja, upigepige taratibu ili waachane nao, kisha geuza. Rudia saa 6 mchana, halafu kila baada ya saa moja. Jua likiwa kali na upepo upo, watakuwa wamekauka kati ya saa 9 na saa 10 alasiri.

Kupima ukavu kwa macho kunadanganya. Chukua dagaa kumi kutoka sehemu mbalimbali za chanja, pamoja na wakubwa, uwakunje mmoja mmoja. Aliyekauka anavunjika kwa mlio. Anayekunjika kama uzi bado. Chota fumba moja na ukaze mkono: ukifungua waachiane wenyewe, wasibaki donge. Kisha tumia mizani, ambayo ni kipimo kisichobishaniwa. Dagaa mbichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo ndoo ya kilo 17 isiyotiwa chumvi inatakiwa ibaki karibu kilo 5. Ikitoa kilo 6 na nusu, zaidi ya theluthi ya uzito huo bado ni maji, na kiroba hicho kitaota ukungu kabla hakijafika sokoni. Wapo wanaoacha maji makusudi ili uzito uongezeke. Wanunuzi wa mzigo mkubwa wanaufahamu mchezo huo, na mwalo mzima unapata jina baya kwa sababu ya watu wachache.

Anua kabla ya saa 11 jioni, umande haujaanza. Waliokauka waache kivulini kama saa moja wapoe. Wakifungwa wakiwa na moto, mvuke unageuka maji ndani ya kiroba. Ambao hawajakauka wasilale kwenye chanja. Wakusanye, watandaze sakafuni juu ya turubai safi ndani ya nyumba yenye hewa, na kesho waanikwe peke yao.

Mvua

Upande wa Bukoba na Muleba mvua ni nyingi kuliko Mwanza na Musoma, na mwenye chanja huko asitegemee jua peke yake. Kila chanja iwe na turubai lake lililokunjwa pembeni, na liinuliwe katikati kwa mti ili maji yateremke. Turubai lililolazwa juu ya dagaa moja kwa moja linawachemsha. Kwa miezi ya masika na vuli, kaushio la jua lililofunikwa nailoni angavu linasaidia sana, mradi liache nafasi ya hewa kuingia chini upande mmoja na kutoka juu upande wa pili. Ukiona matone yanadondoka kutoka kwenye nailoni, matundu ni madogo. Siku ya jua kali fungua zaidi, kwa sababu joto likizidi nyuzi 60 wakati dagaa bado mbichi, wanaiva na kusagika.

Ikiwa mvua itanyesha siku mbili mfululizo na kaushio halipo, nunua kidogo na uwabanike kwa moshi au uwakaange. Dagaa aliyekaa kwenye chanja siku tatu bila jua hubadilika kuwa wa manjano na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Hata jua likirudi harufu haiondoki.

Kuhifadhi

Viroba viwe vipya au vilivyofuliwa, visivyowahi kubeba mbolea. Vipangwe juu ya chaga za mbao zilizoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Fungua kimoja kila baada ya wiki mbili, uingize mkono hadi katikati. Ukihisi joto au unyevu, anika upya siku hiyo hiyo. Ukiona unga chini ya kiroba au vijidudu vyenye manyoya, wapepete dagaa juu ya chekeche mbali na ghala, waanike siku nzima kwa tabaka jembamba, teketeza taka zilizodondoka, na ufagie mianya ya sakafu kabla ya kurudisha mzigo. Dawa ya kuua wadudu, iwe ya mahindi au ya nyumbani, isinyunyizwe kwenye dagaa wala kwenye kiroba chake: hailiwi na wadudu peke yao, na watoto ndio wanaopewa dagaa hao kwenye uji.