Umealikwa kuangalia futiboli ya vyuo Alabama? Soma hii kabla hujatoka nyumbani

Kama umehamia Alabama, hapa Marekani, juzi juzi na jirani kakuita Jumamosi uje kuangalia gemu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kushika mpira mkononi, ngoja kidogo. Mi mara ya kwanza nilienda nikijua naenda kuangalia mpira, nikarudi saa nne usiku kichwa kimejaa habari za magavana, maseneta, mahakama, bei ya king'amuzi na kwa nini ESPN, ile chaneli ya michezo, ni waongo, mpira wenyewe nadhani niliangalia robo moja. Na hakuna aliyeona ajabu. Huku ndo ilivyo, hawa watu hawatofautishi, wanaanza na kocha wanamaliza na rais alafu wanarudi kwa kocha, yote kwenye sentensi moja na mbavu za kuchoma mkononi.

Niko mwaka wa saba sasa, nishaelewa elewa, kwa hiyo nakuandikia wewe mgeni.

Kabla ya kitu chochote jua hiyo nyumba ni ya nani. Alabama jimbo zima limegawanyika mara mbili, Chuo Kikuu cha Alabama kule Tuscaloosa na Auburn, na ukitaka kuelewa haraka fikiria Simba na Yanga halafu toa Azam, toa Singida, toa timu za taifa, toa kila kitu kingine, wabaki hao wawili tu, kwa sababu jimbo halina hata timu moja ya ligi kubwa ya kulipwa. Wa Alabama wanasalimiana "Roll Tide", wa Auburn "War Eagle". Wekundu ni Alabama, chungwa na bluu ni Auburn. Mi siku ile nilivaa shati langu la chungwa la Kariakoo, zuri tu la kutokea, nikaingia nalo kwa watu wa Alabama. Mzee mwenye nyumba akaniangalia kuanzia juu mpaka chini akaita mkewe, "njoo uone alichovaa huyu," wakacheka mpaka basi, nikapewa fulana nyekundu niivae juu yake. Nilipona kwa ugeni wangu. Wewe vaa nyeupe.

Na ukiulizwa uko upande gani usijibu "wote". Jibu la "wote" kule ni sawa na kusema huna dini.

Sasa siasa inaingiaje? Hapa ndo watu wetu wengi wanakosea, wanadhani jamaa wameacha mpira wameanza siasa, wanaogopa wanakaa kimya. Mfano mzuri ni Tommy Tuberville. Huyu bwana alikuwa kocha wa Auburn tangu 1999 hadi 2008, akaifunga Alabama mara sita mfululizo, 2002 mpaka 2007, na alikuwa anawahesabia kwa vidole. Mwaka 2020 akagombea useneta wa Marekani akashinda, 2025 akaingia mbio za ugavana za 2026. Mzee jirani yangu, shabiki wa Alabama tangu tumboni, kampigia kura huyo huyo aliyemfunga miaka sita. Nikamuuliza mzee imekuwaje, akanijibu bila kucheka kwamba kura ni kura ila zile mechi hajasamehe. Kwa hiyo ukimsikia mtu anamtukana Tuberville usikimbilie kudhani unajua chama chake, kwanza muulize kasoma wapi. Inawezekana kabisa anaongelea 2002.

Tena sio Alabama peke yake. Ohio wana Jim Tressel, kocha aliyewapa ubingwa wa msimu wa 2002, tangu 2025 ni naibu gavana. Nebraska walimpeleka kocha wao Tom Osborne bungeni Washington. Georgia, Herschel Walker, mchezaji bora wa vyuo 1982, aligombea useneta 2022 ila yeye akashindwa.

Na ukifikiria utaona hawana makosa kuchanganya. Hivi vyuo vikubwa vingi ni mali ya serikali ya jimbo. Kocha anakula mshahara unaompita gavana mara kumi na zaidi. Mwezi wa kumi 2025 chuo cha LSU kule Louisiana kilimfukuza kocha Brian Kelly na mkataba ulikuwa unadai alipwe zaidi ya dola milioni 50 za kukaa nyumbani, hebu rudia kusoma, milioni 50 za kutofanya kazi. Gavana Jeff Landry akatoka mbele ya waandishi akasema mkurugenzi wa michezo wa chuo hatamchagua kocha mpya, akatania bora Trump achague, na kesho yake mkurugenzi akaondoka. Sasa hapo utamwambia mtu asichanganye mpira na siasa wakati gavana mwenyewe ndo kachanganya?

Ila ukitaka kukaa vizuri na watu hawa, siasa za vyama pita mbali, wewe ingia kwenye televisheni. Hapo wote wanakutana. Aliye kulia, aliye kushoto, wa Alabama, wa Auburn, mpaka bibi aliyelala kwenye kochi anaamka, wote wanaamini watangazaji wanawaonea. Utasikia neno "midia" limesemwa kwa mdomo uliokunjwa kama mtu kaonja shubiri, na usipokuwa makini hutajua wanasema wanaotangaza mechi au wanaosoma habari ya saa kumi na mbili, na wenyewe nadhani hawajali.

Kwa hiyo jifunze hesabu kidogo, itakubeba. Ligi ya SEC, ambayo Alabama na Auburn wapo, tangu 2024 mechi zake ziko ESPN na ABC, na zote mbili ni za Disney. Ligi ya Big Ten, akina Ohio State na Michigan, wako Fox, CBS na NBC. Sasa ESPN hao hao ndo wanaonyesha mechi za mchujo za kutafuta bingwa, na ndo hao hao wamejaza meza ya wachambuzi wanaosema nani anastahili kuingia. Unaona mambo yanavyokaa? Mtu wa Ohio anasema ESPN wanaibeba SEC kwa sababu wameinunua. Mtu wa Alabama anasema ESPN wanamkandamiza ili wasionekane wanaibeba SEC. Mi siku hizi nasikiliza wote wawili natikisa kichwa, "kweli kabisa".

Ukipata nafasi, taja Florida State 2023. Wale walishinda mechi zote 13, hawakufungwa hata moja, kamati inayochagua timu za mchujo ikawaacha ikamchukua Alabama aliyekuwa kafungwa mara moja, maana kinara wa Florida State anayerusha mipira alikuwa kavunjika mguu. Ron DeSantis, gavana wa Florida na wakati huo anagombea urais, akapendekeza dola milioni 1 kwenye bajeti ya jimbo za kwenda mahakamani. Hii habari kwa mtu wa Alabama ni kama kumsimulia mtani jinsi wenzake walivyolilia penati. Mzee wangu nishamsimulia mara tatu na kila mara anacheka upya.

Kwenye gari, redio. Kuna Paul Finebaum, kipindi chake ni cha watu kupiga simu, na ukitaka kujua hawa watu wakoje sikiliza wiki moja tu. Mwaka 2011 shabiki mmoja wa Alabama alipiga laivu akasema ametia sumu ile miti mikongwe ya Auburn wanayoshangiliaga chini yake, na haikuwa utani, miti ilikufa, 2013 ikakatwa. Huyo huyo Finebaum mwaka 2025 akawa anafikiria kugombea useneta, kile kiti anachokiacha Tuberville, mwishowe akasema anabaki kwenye kipindi chake. Kocha anaondoka kwenye kiti, mtangazaji anataka kukikalia. Ukilielewa hilo tu umeshaielewa Alabama.

Mapumziko ya katikati ndo hatari. Mchezo wenyewe una vituo vingi vya matangazo lakini yale mapumziko marefu, kama dakika 20, watu wanakuwa hawana cha kuangalia na matumbo yamejaa, hapo ndo mtu atakugeukia na kukuuliza wewe unaonaje kuhusu uhamiaji. Usijibu kitaalamu. Mbinu yangu ni kuuliza swali lenye mpira ndani, mfano, "hivi siku hizi wachezaji wanalipwa, ni haki?" Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupokea pesa za matangazo, na 2025 mahakama ikapitisha vyuo viwalipe moja kwa moja, mwaka wa kwanza kila chuo mwisho kama dola milioni 20 na nusu. Hilo swali lina siasa yote anayoitaka, mahakama ipo, Washington ipo, Trump katoa amri yake mwezi wa saba mwaka huo huo, ila wewe umekaa pembeni unakula. Watagombana wao kwa wao mpaka mpira urudi.

Kuna utafiti wa 2010 uliodai timu ya chuo ikishinda kabla ya uchaguzi aliyeko madarakani anaongezeka kura kidogo, wengine 2015 wakaupitia tena wakasema huenda ilikuwa bahati tu ya namba. Usiulete mezani. Mi niliuleta, nikaulizwa kama nimewaita wajinga.

Mengine madogo madogo. Usitaje 2013 kwa watu wa Alabama, mwaka ule sekunde ya mwisho walipiga mpira wa pointi tatu ukafika mfupi, mtu wa Auburn akaudaka mwisho kabisa wa uwanja akakimbia nao mpaka upande wa pili, 34 kwa 28, na mzee wangu ikionyeshwa ile picha anatoka nje kuangalia jiko hata kama halijawashwa. Wakikuingiza kwenye grupu la meseji zima mlio wa simu, Jumamosi zinaingia mia mbili. Nenda na kiti chako cha kukunja, na kitu cha kula. Mi napeleka mishikaki, nyama nalaza usiku na tangawizi, ndimu na papai bichi, wanaiita "mbavu za Afrika" ijapokuwa haina mfupa hata mmoja, nishaacha kuwarekebisha.

Mechi ya Alabama na Auburn ni wikiendi ile ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema, maana kule kwetu bohari kila mtu anaiomba hiyo hiyo, na bosi mwenyewe ni Auburn.